Goti Limepona, Hofu Imebaki

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukuti mwembamba wa kusukia mikeka. Hauna meno wala sumu. Hata hivyo mwili wa mtu aliyekwisha kuumwa haungoji uthibitisho. Mguu huruka nyuma kwanza, na akili hufuata baadaye kuuliza ni kitu gani kilichoonekana. Methali hii inaeleza kwa maneno machache jambo ambalo wataalamu wa tiba wamelichunguza kwa bidii tangu miaka ya 1980, nalo ni hofu inayobaki mwilini baada ya jeraha lenyewe kutibiwa.

Hofu hiyo huonekana wazi kwa watu waliopasuliwa goti ili kutengenezewa upya kano iliyokatika. Daktari hulikagua goti akaridhika. Kovu limefunga, uvimbe umekwisha, kano mpya imeshika. Lakini mwenye goti hathubutu kukimbia, kuruka, wala kushuka mteremko bila kushika kitu. Jamaa zake humwona mwoga au mvivu. Yeye mwenyewe hudhani kwamba upasuaji haukufaulu. Uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kwamba mara nyingi pande zote mbili zimekosea. Hofu hii ni tendo la mwili na ubongo lenye sababu zinazoeleweka; hupimika, na huweza kupunguzwa kwa utaratibu maalumu.

GOTI NA MITEREMKO YA MERU

Ni mahali pachache nchini Tanzania ambapo goti hufanyishwa kazi nyingi kama Arusha. Jiji hili liko katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Kuanzia Ilboru hadi Nkoaranga, makazi ya watu yamekaa juu ya migongo ya ardhi inayotenganishwa na makorongo ya mito. Mama anayepeleka mkungu wa ndizi katika soko la Tengeru huanza safari yake kwa kushuka. Mwanafunzi huteremka asubuhi kwenda shuleni na kupanda jioni akirudi nyumbani. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo wa volkano hulowa na kuteleza, na kila hatua humtaka mtu awe na hakika na mguu wake. Kiongozi wa watalii anayeanzia lango la Momela hupitia kambi ya Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi, kisha kambi ya Saddle, kwenye mita 3,570 hivi. Na siku ya kufika kileleni huweza kuteremka mita 2,000 hivi kabla ya jua kutua.

Kushuka huligharimu goti kuliko kupanda. Mwaka 2010 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walitangaza vipimo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimio vya nguvu ndani yake. Katika kutembea mahali tambarare, goti lilibeba nguvu ya mara 2.6 ya uzito wa mwili. Katika kupanda ngazi, nguvu hiyo ilifikia mara 3.2, na katika kushuka ngazi ikafikia karibu mara 3.5. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60, hiyo ni sawa na kubeba kilo 156 hivi akitembea, na kilo 208 hivi akishuka, kila mguu unapokanyaga. Hivyo basi si ajabu kwamba mgonjwa wa goti huogopa mteremko kuliko kitu kingine chochote.

KANO-MSALABA

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake imewekwa pia ya goti. Nyonga ina tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja huingia na kukaa imara. Goti halina tundu la namna hiyo. Mfupa wa juu umekalia wa chini, na kinachouzuia usiteleze ni misuli pamoja na kano nne kubwa. Mbili ziko ubavuni, moja kila upande. Mbili nyingine zimo ndani kabisa na hupishana kama alama ya msalaba. Kwa sababu hiyo huitwa kano-msalaba, ya mbele na ya nyuma.

Kano-msalaba ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hivi tu. Kazi yake ni kuuzuia muundi usisogee mbele chini ya paja na usijipinde kupita kiasi. Vipimo vilivyotangazwa nchini Marekani mwaka 1991 vilionyesha kwamba kano ya kijana hukatika kwa nguvu ya nyutoni 2,160 hivi, yaani uzito wa kilo 220. Nguvu hiyo ni kubwa, lakini mchezaji anayekimbia kwa kasi, akakita mguu na kugeuka ghafla, huweza kuipita kwa nukta moja. Sehemu kubwa ya ajali hizi hutokea bila ya mchezaji kuguswa na mtu. Mara nyingi mwenyewe husikia mlio ndani ya goti, na baada ya saa chache goti huvimba kwa damu. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka, kama mpira wa miguu na mpira wa kikapu, hupatwa na jeraha hili mara mbili au zaidi kuliko wavulana wa michezo hiyo hiyo.

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe ukifungwa vizuri, kwa sababu damu huganda kati ya ncha zake na kuwa daraja la tishu mpya. Kano-msalaba haina bahati hiyo. Ncha zake huogelea katika ute wa kiungo, na daraja la damu mara nyingi halijengeki. Ndiyo sababu madaktari walianza kuitengeneza kwa mikono yao. Mwaka 1895 Mayo Robson wa mji wa Leeds, Uingereza, alishona kano za goti la mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1917 Hey Groves wa Bristol alikwenda mbele zaidi: badala ya kushona kano ya zamani, alitengeneza mpya kwa utando mgumu wa pajani. Leo daktari huchukua kipande cha ugwe unaoshika pia ya goti, au nyugwe za misuli ya nyuma ya paja, akakipitisha katika matundu aliyotoboa katika mifupa miwili, akiongozwa na darubini nyembamba iliyoingizwa ndani ya goti.

Katika Kaskazini ya Tanzania, mgonjwa wa mifupa na viungo asiyeweza kutibiwa Arusha hupelekwa Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Katika Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Si kila aliyekatika kano hana budi kupasuliwa. Utafiti wa Sweden uliotangazwa mwaka 2010, uliohusu vijana na watu wazima 121, ulionyesha kwamba walioanza kwa mazoezi, na kupasuliwa baadaye iwapo tu ilihitajika, walikuwa na hali sawa baada ya miaka miwili na wale waliopasuliwa mapema. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wamehitaji kisu katika muda huo. Lakini awe amepasuliwa au hakupasuliwa, mgonjwa hukutana na hofu ile ile.

HOFU YA MWENDO

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa msichana wa kidato cha tatu, mchezaji wa mpira, anayeishi juu ya mteremko. Amepasuliwa, na mwezi wa nane umefika. Nyumbani hushuka vipandio vya mlangoni kwa ubavu, kimoja kimoja, mguu mzima ukitangulia. Katika daladala huomba gari lisimame kabisa ndipo ateremke. Mvua ikinyesha haendi shuleni. Bibi yake humwambia, "Mjukuu wangu, kaa, mguu huo si wa kuchezea tena." Mwalimu wa michezo humwambia, "Jikaze, goti limekwisha kupona." Wote wawili wanamtakia mema. Hata hivyo neno la kwanza humfunga, na la pili humsukuma mahali ambapo mwili wake haujawa tayari kwenda.

Mwaka 1990 watafiti watatu wa Marekani, Kori, Miller na Todd, waliipa hali hii jina la kinesiofobia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwendo na hofu. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa hofu ya mwendo. Maana yake ni hofu inayozidi kiasi, inayomzuia mtu kujongea kwa kuwa anauona mwili wake kuwa dhaifu, unaoweza kuumia tena wakati wowote.

Namna hofu hiyo inavyojilisha yenyewe ilielezwa kwa ukamilifu na Johan Vlaeyen na Steven Linton mwaka 2000. Mtu huumia. Akiyachukua maumivu kuwa ishara ya hatari kubwa, huanza kuogopa. Akiogopa, huepuka mwendo. Akiepuka mwendo, misuli hukonda, kiungo hukakamaa, na uzoefu wa mwili hupotea. Siku akilazimika kujongea, kiungo kilichokakamaa huuma na msuli uliokonda hutetemeka. Maumivu hayo mapya humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Duara limefunga. Yule ambaye hakuyaona maumivu kuwa hatari kubwa hupita njia nyingine: hujaribu kidogo kidogo, akagundua kwamba hakuna kilichokatika, na hofu ikapungua.

Nguvu ya hofu juu ya mwendo haihitaji goti bovu ili kuonekana. Ubao wenye upana wa sentimita 30 ukilazwa sakafuni, kila mwanafunzi huupita bila kufikiri. Ubao huo huo ukiwekwa juu ya korongo lenye kina kirefu, magoti hukaza, hatua hufupika, macho hutazama chini, na mwendo uliokuwa mwepesi huwa wa kuyumba. Ubao haukubadilika, wala miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni hesabu iliyofanywa na ubongo juu ya gharama ya kuteleza. Aliyekatika kano hutembea juu ya ubao wa namna hiyo hata akiwa sebuleni kwake.

MSULI UNAOZIMWA

Ingekuwa kosa kufikiri kwamba jambo hili limo akilini tu. Baada ya goti kuumia, msuli mkubwa wa mbele ya paja hudhoofika upesi mno, hata kabla haujapata muda wa kukonda. Mwaka 1984 Spencer, Hayes na Alexander walifanya jaribio la kueleza sababu. Waliingiza maji ya chumvi katika magoti ya watu wenye afya njema. Mililita 20 hadi 30, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chakula, zilitosha kupunguza mwitikio wa sehemu ya ndani ya msuli huo. Kwa sehemu nyingine zilihitajika mililita 50 hadi 60. Hapakuwa na jeraha. Goti lililojaa maji lilipeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo ukauzima msuli kwa kiasi fulani bila kumwuliza mwenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa anaposema, "Goti linaniacha," hasemi uongo. Msuli wake umepunguziwa amri. Goti linalomwacha mara moja juu ya ngazi humfundisha hofu kwa nguvu kuliko maneno ya mtu yeyote. Hapa mwili na akili vimeshikana mikono: uvimbe huzima msuli, msuli dhaifu huleta kuyumba, kuyumba huleta hofu, na hofu huzuia mazoezi ambayo yangeurudishia msuli nguvu.

Kuna sababu nyingine tena. Mwaka huo huo wa 1984 ilithibitishwa kwamba kano-msalaba ya binadamu, licha ya kuwa kamba ya kufungia mifupa, ina vipokezi vya neva vinavyoweza kuupasha ubongo habari za mvuto na mkao wa goti. Kano ikikatika, habari hizo hupotea. Kano mpya iliyopandikizwa mwanzoni ni kamba isiyosema. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba watu waliotengenezewa kano hutegemea zaidi macho yao wanapoongoza mwendo wa mguu. Jambo hili laweza kusaidia kueleza kwa nini mtu anayetembea vizuri mchana husita gizani, au kwa nini mchezaji anayefanya mazoezi vizuri akiwa peke yake huchanganyikiwa uwanjani, ambapo macho yanatakiwa kufuata mpira na wapinzani.

HOFU HUPIMWAJE?

Chombo kinachotumika sana ni kipimo cha Tampa, kilichopewa jina la mji wa Florida, Marekani. Kina sentensi 17. Baadhi huhusu hofu ya kujiumiza tena kwa kufanya mazoezi, nyingine huhusu imani kwamba maumivu ni dalili ya madhara. Mgonjwa huonyesha kiasi anachokubaliana na kila sentensi kwa alama 1 hadi 4. Kwa hiyo jumla ndogo kabisa ni 17, na kubwa kabisa ni 68. Alama zinazozidi 37 kwa kawaida huhesabiwa kuwa hofu kubwa. Mwaka 2008 Kate Webster na wenzake wa Australia walitunga kipimo kingine chenye maswali 12, mahsusi kwa wachezaji waliotengenezewa kano-msalaba, kinachouliza pia juu ya imani yao kwa goti na moyo wao wa kurudi mchezoni.

Vipimo hivyo vimeleta habari zisizotarajiwa. Mwaka 2005 Joanna Kvist na wenzake wa Sweden waliwachunguza watu 62 waliokwisha kupasuliwa. Asilimia 53 walikuwa wamerudi katika kiwango chao cha zamani cha michezo. Wale ambao hawakurudi walikuwa na alama kubwa zaidi za hofu. Mwaka 2014 Clare Ardern na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 69 zenye watu zaidi ya 7,500. Walikuta kwamba watu 81 katika kila 100 walirudia mchezo wa namna fulani, 65 walifikia kiwango chao cha zamani, na 55 tu walirudi katika mashindano.

Mtu angeweza kudhani kwamba hofu, ijapokuwa inamnyima mtu mchezo, angalau inalilinda goti. Utafiti mdogo wa Marekani uliotangazwa na Mark Paterno na wenzake mwaka 2018 ulionyesha kinyume. Katika wachezaji 40 waliorudi mchezoni, wale waliorudi wakiwa na hofu kubwa walikuwa na uwezekano mara 13 zaidi wa kukata kano tena upande ule ule katika miezi 24. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo, na hesabu hiyo isichukuliwe kuwa sheria. Lakini maelezo yake yanaingia akilini. Mwenye hofu hukaza goti anapotua chini, huegemea mguu mmoja, na misuli yake haina nguvu za kutosha. Goti lililokazwa halimezi kishindo. Hukipeleka moja kwa moja kwenye kano.

NGAZI YA KUTOKEA

Ikiwa neno la bibi na neno la mwalimu yote mawili hayatoshi, kipi kifanyike? Jibu la wataalamu wa fiziotherapia ni ngazi. Mgonjwa, akisaidiwa na mtaalamu, huorodhesha miendo anayoiogopa, akaipa kila mmoja alama kuanzia 0 hadi 10, kisha akaipanga kutoka ule wa hofu ndogo hadi ule wa hofu kubwa. Huanza na kipandio cha chini. Haendi cha pili mpaka cha kwanza kiwe kimezoeleka kiasi cha kuchosha.

Orodha hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka vitabu vya nchi nyingine, kwa kuwa maisha hayafanani. Kwa mkazi wa Arusha yaweza kuwa hivi. Kwanza, kusimama kwa mguu uliopasuliwa huku ameshika ukuta. Pili, kushuka kipandio kimoja cha sentimita 10. Tatu, kuchuchumaa nusu, kisha kuchuchumaa kama chooni. Nne, kupiga magoti kama kanisani au kusujudu kama msikitini, juu ya mkeka laini. Tano, kuteremka barabara ya changarawe iliyokauka. Sita, kuteremka njia hiyo hiyo na ndoo nusu ya maji. Saba, kurukaruka kwa miguu miwili, halafu kwa mmoja. Nane, kukimbia na kugeuka. Mwisho, njia ya udongo baada ya mvua. Si yeye mgonjwa bali mtaalamu ndiye aamuaye ni lini kila kipandio kinaruhusiwa, kwa kufuata hali ya goti.

Kabla ya kila jaribio mgonjwa hutakiwa aseme anachotarajia: "Nikishuka hapa, goti litaniacha." Baada ya jaribio hutakiwa aseme kilichotokea. Huo ndio moyo wa tiba hii, na mwanafunzi wa sayansi ataitambua njia yake mara moja. Ni dhana, jaribio, tokeo na hitimisho. Mgonjwa haambiwi aamini. Huonyeshwa ushahidi kutoka mguuni mwake mwenyewe.

Jambo moja hupuuzwa mara kwa mara. Tangu majaribio ya Ivan Pavlov yaliyofanywa Urusi mwanzoni mwa karne ya 20 ilijulikana kwamba jambo ambalo mwili umejifunza halifutiki kabisa linapozimwa. Ubongo huweka juu yake fundisho jipya, na fundisho hilo hushikamana na mahali lilipopatikana. Kwa hiyo hofu iliyozimwa juu ya sakafu laini ya hospitali huweza kufufuka siku ya kwanza mgonjwa anapokanyaga udongo wa kijijini kwake. Ngazi isiishie hospitalini. Kipandio chake cha juu kabisa hakina budi kuwa pale pale mtu anapoishi, uwanjani, shambani, sokoni au mlimani.

Maneno nayo ni sehemu ya dawa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba goti lake "limekwisha" au "limeliwa" huondoka na picha ya kitu kinachosagika kila akitembea. Anayeelezwa kwamba maumivu ya wastani baada ya zoezi, yanayotulia kufikia kesho yake, ni ya kawaida, huwa na njia ya kuyapima mwenyewe.

HOFU YENYE HAKI

Isidhaniwe kwamba kila hofu ni adui. Kano iliyopandikizwa haikai kama ilivyowekwa. Katika wiki na miezi ya kwanza chembe zake nyingi hufa na mpya kuingia, na katika kipindi hicho hupungua nguvu kabla ya kuimarika tena. Kazi hiyo ya kujijenga huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Mchezaji anayejiona mzima katika mwezi wa tano ana goti zuri kwa macho tu. Utafiti wa Norway na Marekani uliotangazwa na Hege Grindem na wenzake mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi mchezoni hadi kufikia miezi tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa asilimia 51. Zaidi ya kungoja muda huo, hutakiwa nguvu za msuli wa mguu uliopasuliwa zifikie angalau asilimia 90 za mguu wa pili.

Wachezaji wakubwa wa dunia nao hungoja. Alexia Putellas, mchezaji wa Hispania, alikatika kano-msalaba Julai 2022. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, karibu miezi kumi baadaye, na Agosti mwaka huo timu yake ikatwaa Kombe la Dunia la wanawake. Hakurudi kwa kujikaza tu, wala hakukaa tu akingoja.

Pia ziko dalili ambazo si hofu na hazitaki ngazi bali daktari. Hizo ni goti kuvimba ghafla upya, kukwama bila kunyooka, kuachia mara kwa mara kwa kishindo, homa pamoja na joto la kovu, au ndama ya mguu kuvimba na kuuma. Mwenye dalili hizo aende hospitali bila kuchelewa.

WAJIBU WA SHULE

Shule ni mahali pamojawapo ambapo kano hukatika, na ni mahali ambapo mengi yanaweza kuzuiliwa. Mwaka 2008 ulitangazwa utafiti wa Norway uliohusu wasichana 1,892 wachezao mpira wa miguu, wa umri wa miaka 13 hadi 17. Baadhi ya timu zilifanya kwa dakika 20 mazoezi maalumu ya kupasha mwili joto, ya nguvu, mizani na kutua vizuri kwa magoti yaliyokunjwa. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja. Mazoezi hayo hayahitaji chombo chochote isipokuwa uwanja na mwalimu anayejali.

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kupasuliwa, mwalimu ana kazi nyingine, nayo ni kumpa mahali katika ngazi. Asimtoe kabisa katika kipindi cha michezo, wala asimrudishe uwanjani kwa kelele za wenzake. Ampe kazi iliyoruhusiwa na mtaalamu wake, iwe kurusha mpira, kuhesabu hatua au kutembea ukingoni mwa uwanja, na aiongeze kila inaporuhusiwa. Mzazi naye aelezwe kwamba kumhurumia mtoto si kumkalisha. Mwenye goti lililotengenezwa katika mji wa miteremko hawezi kuhamisha mlima. Anaweza kufundishwa tena kuushuka.

KAZI YA DARASANI

1. Chukua vijiti viwili vya urefu wa sentimita 20. Vikutanishe ncha kwa ncha na uvifunge kwa nyuzi mbili zilizopishana. Kata uzi mmoja, kisha sukuma kijiti cha chini mbele na nyuma. Eleza kazi ya uzi uliokatwa.

2. Simama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika ukiwa umefumbua macho, kisha ukiwa umefumba, mwenzako akiwa karibu kukushika. Linganisha mitikisiko ya mwili. Matokeo yanaeleza nini juu ya kazi ya macho katika kuongoza mwendo?

3. Chora duara la hofu ya mwendo lenye hatua tano. Onyesha mahali ambapo mtaalamu wa fiziotherapia, mwalimu na mzazi kila mmoja anaweza kulikata duara hilo.